Asiye na Tikiti Asimame

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla wengine hawajausimulia vibaya. Nilichukua koti la baba, lile la zamani la askari magereza, nikalivaa pamoja na kofia yake, nikashika tochi, na kabla jua halijatoka nikaenda kusimama kwenye njia inayotoka Namatala kwenda mjini, pale inapopita kati ya ukuta wa kanisa na mashamba ya mpunga. Nikaanza kuwasimamisha wanaume na kuwadai tikiti za kodi.

Watu wameniuliza sana sababu. Sababu pekee ninayoweza kuapa nayo ni kwamba mwaka ule sauti yangu ilikuwa imeshuka, ikawa nzito kama ya mtu mwenye mishahara miwili, na sikuwa nimepata mahali pa kuitumia.

Kwa asiyejua mambo yetu: kila mwanaume mzima hulipa kodi ya kichwa kila mwaka, anapewa karatasi ndogo, na hiyo ndiyo tikiti. Anatembea nayo kama anavyotembea na pua yake. Askari wa gombolola, yaani wa tarafa, huja alfajiri, wakati watu wanaelekea kazini, na wasio na tikiti wanafungwa kamba moja mikononi, wanapelekwa mstari mmoja kama ng'ombe wa mnada. Ndiyo maana huku kwetu mwanaume anaweza kusahau viatu nyumbani lakini si tikiti.

Jambo la pili la kujua ni hili. Mbale kila mtu ana lugha ya nyumbani kwake, na Kiswahili ni cha kambini, cha askari. Mtu akikusemesha Kiswahili gizani, humjibu. Unakimbia, halafu ndipo unafikiri. Mimi nimezaliwa kambini, Jinja, kwenye nyumba za askari magereza, nikakinyonya Kiswahili pamoja na amri zake zote. Tulihamia Mbale kwa sababu ndiko nyumbani kwa mama na ndiko anakouza nyanya. Baba alibaki kazini Jinja, na koti lake likabaki na mama, ambaye hulivaa alfajiri anapokwenda kuchukua nyanya Nakaloke, kwa ajili ya baridi. Jumanne ile mama alikuwa na homa, amelala, na koti lilikuwa limening'inia msumarini likinitazama.

Wa kwanza alikuwa mwendesha boda wa baiskeli. Nikammulika usoni, nikasema, "Simama hapo. Weka baiskeli chini. Tikiti." Nikasikia baiskeli ikianguka, halafu nikasikia miguu, halafu nikasikia kimya. Nikaiokota baiskeli, nikaiegemeza ukutani kwa heshima.

Wa pili alikuwa fundi cherehani, na yeye tikiti alikuwa nayo. Aliitoa mfuko wa ndani, ikiwa imefungwa kwenye nailoni. Niliisoma kwa tochi, mbele na nyuma, nikamrudishia, nikamwambia apite. Akanipigia saluti. Sikumbuki siku nyingine niliyojisikia mrefu namna ile.

Wa tatu, mwalimu wa kwaya, alijifanya bubu. Alinijibu kwa vidole, kwa macho, kwa mabega, mtu ambaye sauti yake Jumapili inavuka barabara mbili. Nikamwacha aende, maana kicheko kilikuwa kinanipasua mbavu.

Wa nne alikuja polepole, suti ya kijivu, viatu vya kung'arishwa, amebeba faili kwapani. Nilipomtambua nilitaka kuzima tochi na kutoroka, lakini mdomo ulikuwa umeshazoea kazi. Ukasema wenyewe, "Simama hapo. Tikiti."

Mwenyekiti wa mtaa wetu alisimama kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Halafu akaruka kwenye mpunga. Akaruka na suti yake, na faili yake, na cheo chake, akalala ndani ya maji kifudifudi, na mimi nikabaki namulika nyayo mbili za viatu zikichungulia kati ya majani. Nilishuka hatua mbili kwenye tope kumsaidia, nikakumbuka mimi ni nani, nikageuka nikakimbia. Kwa hiyo tulikimbiana, yeye akinikimbia mimi na mimi nikimkimbia yeye.

Ili uone uzito wa jambo hili, lazima umjue mwenyekiti. Ni mtu anayejiita kwa cheo chake. Hasemi, "Nimechoka." Anasema, "Mwenyekiti amechoka." Sisi vijana tunasema mkewe akitaka kumwita chakulani huandika barua kwanza. Na kila mkutano wake, pale uwanja wa shule ya msingi, unaanza kwa namna moja. Baada ya sala anasafisha koo na kusema, "Asiye na tikiti asimame." Wanaume wasio na tikiti wananyanyuka, wanakwenda kwenye ukuta wa darasa la kwanza, wanasimama pale mpaka mkutano uishe, hata ukichukua saa tatu. Hakuna sheria ya namna hiyo popote. Aliitunga yeye. Hawapelekwi kokote wala hawapigwi. Wanasimama tu, huku wake zao na watoto wao wameketi kwenye nyasi wakiwatazama. Nimewahi kuona mtu mzima analia pale ukutani, akijifanya ni vumbi.

Na hakuna aliyewahi kumwuliza mwenyekiti tikiti yake. Nani angeuliza? Yeye ndiye anayeandika orodha ya wasiolipa. Au tuseme anaitaja kwa mdomo na mama yangu anaiandika, kwa kuwa mama ni katibu wa wanawake kwenye kamati na mwandiko wake ni mzuri.

Nilirudisha koti msumarini, nikaenda shule, na siku nzima nilikaa darasani kama mtu aliyemeza tochi ikiwa inawaka.

Nilidhani mambo yataishia hapo. Lakini Namatala haiachi kitu kidogo kibaki kidogo. Jumatano askari walikuwa wawili. Alhamisi walikuwa na bunduki. Ijumaa, kwenye kibanda cha malwa, ile pombe ya ulezi, mtu mmoja aliapa kwamba aliona lori. Katika habari zote hizo kitu kimoja tu hakikubadilika, nacho ni koti. Fundi cherehani alikuwa amelitazama vizuri, maana ni fundi. Alisema ni koti la magereza, kola imeshonwa upya kwa uzi mweusi, na kifungo cha juu hakipo. Sijui kwa nini sikuelewa pale pale. Namatala nzima inalijua koti lile. Inaliona likipita alfajiri kila wiki, na ndani yake yuko mama.

Jumamosi shule yetu ilikwenda Jinja kwa mdahalo na shule ya huko. Tulipanda lori la shule tukaimba njia nzima. Mada ilikuwa kwamba tabia ya kiongozi ni jambo lake mwenyewe, wananchi waangalie kodi na haki tu. Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono. Midahalo yetu ni ya Kiingereza, kwa hiyo utani wangu ulibidi uvae tai, lakini ulivaa vizuri. Niliwasimulia habari ya kiongozi mmoja, wa nchi ambayo sikuitaja, aliyetoza kodi vizuri na kuhukumu vizuri, na asubuhi moja akamkimbia askari wa tikiti, akaonekana amelala ndani ya mpunga na suti yake. Je, mpunga ulilalamika? Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Hata korongo waliokuwa juu ya paa waliruka. Tukashinda.

Baba alikuwa amesimama nyuma, na sare yake ya kazi. Alipata ruhusa kidogo akaja kuniona. Baadaye tulitembea pamoja hadi kwenye lori, na nikamngoja anisifu. Akaniambia kwamba nimewachekesha sana watu. Halafu akauliza askari wa hadithi yangu alivaa koti gani.

Nikasema sijui, ni hadithi tu.

"Lilikuwa na vifungo vingapi?" akauliza.

Baba amewahoji wafungwa miaka mingi. Hapandishi sauti. Anauliza kitu kidogo, halafu anangoja kama mtu anayengoja chai ipoe. Nikamwambia vinne. Cha juu hakipo.

Tukatembea tena kidogo. Akasema, "Koti lile halinijui tena mimi. Huko Mbale ni koti la mama yako." Akanisaidia kupanda lori, akarudi kazini. Lori lilipotoka Jinja wenzangu wakaanza kuimba, na mimi sikuimba.

Jumapili, baada ya ibada, ndiyo ilikuwa siku ya kuchagua. Muda wa kamati ulikuwa umekwisha. Kwetu hatuchagui kwa karatasi. Wagombea wanasimama uwanjani, na watu wanajipanga mstari nyuma ya wanayemtaka, kila mmoja akiangalia kisogo cha mwenzake. Hakuna siri. Ukimwahidi mtu kura na ukaenda kwa mwingine, anakuona, na anajua umevaa nini. Lakini kabla ya mistari kuna maneno, na kwa maneno hakuna mtaa unaotuzidi. Namatala ina watu wa kila upande, kwa hiyo mkutano unaanza kwa Kimasaba, unapita kwenye Kiganda na Kiteso, na watu wakikasirika kweli unaishia kwenye Kiswahili.

Mwenyekiti alifungua kama kawaida. Suti ilikuwa imefuliwa, ila magotini ilikuwa imebaki na rangi ya chai. Akasafisha koo. "Asiye na tikiti asimame." Wanaume wanane wakaenda ukutani, mwendesha boda akiwa mmoja wao. Mimi nilikuwa juu ya ukuta wa uwanja na vijana wengine, tukiwa hatuna umri wa kupiga kura lakini tuna umri wa kucheka. Nilimwangalia mwenyekiti akiketi. Mama alikuwa benchi la kamati, pembeni yake, na daftari mapajani.

Kwanza ikaja kodi. Fundi cherehani alisimama akamsifu. Mwaka uliopita wakadiriaji wa kodi walitaka kumpandisha daraja kwa sababu ana cherehani mbili, na mwenyekiti akaja mwenyewe, akazungusha gurudumu la ile ya pili, akawaonyesha kwamba imekufa siku nyingi, wakamwacha. Mfyatua matofali mmoja akapinga kutoka pale pale ukutani aliposimama. Alisema yeye aliandikwa daraja la mwenye nyumba ya bati kwa sababu walikuta rundo la matofali mbele ya nyumba yake, na matofali yalikuwa ya mteja. Alikwenda kwa mwenyekiti, akaambiwa mwenyekiti anakula.

Ikaja haki. Mama muuza chapati alisimama na mtoto mgongoni, akasema yeye ana neno moja. Aliposhtakiana na mtu kuhusu mpaka wa kiwanja, yule mtu alikuwa ndugu wa mwenyekiti, tumbo moja. Kamati nzima iliogopa kusema. Mwenyekiti alipima kiwanja kwa miguu yake, mbele ya watu, akamwambia ndugu yake ang'oe ua. Tangu siku hiyo ndugu yake hamsalimii. "Mimi nimesalimiwa na wengi," akasema mama wa chapati, "lakini kiwanja nilipewa na huyu." Watu wakapiga makofi. Mtu mwingine akasema haki ni sawa, lakini kesi zake zinachelewa, na mtu akishindwa analimishwa majani ya shule huku mwenyekiti amesimama kivulini akihesabu mistari aliyoruka, na anafurahia.

Nilikuwa juu ya ukuta nikijisikia vizuri ajabu, na sikuwa nimetegemea. Baba hutuambia kwamba enzi za wanajeshi, swali kwa mkubwa lilikuwa linajibiwa ndani ya buti ya gari. Na hapa mfyatua matofali, anayesimamishwa kwa adhabu, anamwambia mkubwa wake usoni, "Ulikuwa unakula," na mkubwa anasikiliza. Nilitamani wale wa Jinja wangekuwepo waone. Mdahalo wetu wa ukumbini, na makofi yake yote, ulikuwa mchezo wa watoto kando ya huu.

Ndipo akasimama mgombea mwingine, mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Huyu anaongea vizuri. Anaongea kana kwamba kila neno lina risiti. Akasema kodi wamezungumza, haki wamezungumza, yeye anaomba wazungumze tabia. Akauliza kama watu wamesahau Jumanne. Akaeleza, polepole, kwamba kuna mtu alisimama njiani na koti la magereza akidai tikiti. Gombolola wanasema hawakumtuma mtu. Je, nani anafaidika watu wakitishwa wiki ya uchaguzi, wakakimbilia kwa mwenyekiti kuomba wasiandikwe kwenye orodha? Na nani anaiandika orodha?

Halafu akageuka kwenye benchi.

"Mama katibu," akasema, kwa adabu kabisa, "nakuuliza mbele ya watu. Mtaa huu koti la magereza liko kwa nani?"

Mama alisimama. Hakujitetea kwa homa, wala hakusema alikuwa amelala, kwa sababu nani angemshuhudia isipokuwa sisi watoto wake? Alisema tu, "Liko kwangu." Akaketi. Akafungua daftari akaandika, nadhani aliandika jibu lake mwenyewe, kwa ule mwandiko mzuri.

Watu wakaanza kunong'ona. Wanawake wanaouza naye sokoni walikuwa wanaangalia chini. Niliona mwenyekiti anaangalia viatu vyake. Yeye alijua mama hakuwa yule askari. Alimulikwa, akaambiwa simama kwa sauti ya kiume. Angeweza kusema. Lakini angesemaje bila kusema alikuwa wapi?

Sijui nilishukaje ukutani. Nilijikuta katikati ya uwanja, kaptula ya shule imechanika nyuma, nikasema ni mimi.

Mwenye duka akacheka kidogo. Akasema mtoto mzuri huyu, anampenda mama yake, lakini mkutano si mahali pa watoto kutumwa. Watu wakaguna kukubali. Nikasema tena ni mimi, nililivaa mimi, mama alikuwa na homa. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma kwamba redio imeanza. Redio ni jina langu la mtaani. Mama ndiye aliyelitoa, kwa sababu nasema hata kama hakuna anayesikiliza na betri zangu haziishi. Wakacheka. Kwa mara ya kwanza maishani watu walinicheka na sikufurahi.

Basi nikageukia ukuta wa darasa la kwanza, nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikasema kwa ile sauti.

"Simama hapo. Weka baiskeli chini. Tikiti."

Mwendesha boda, ambaye alikuwa amesimama tayari, aliruka. Aliruka kweli, akatua njia panda kati ya kukimbia na kubaki, mikono imeshika usukani wa baiskeli ambayo haikuwepo. Na fundi cherehani, aliyekuwa ameketi kwenye nyasi na mkewe, alikuwa ameshaingiza mkono mfuko wa ndani. Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata waliokuwa ukutani, na mwalimu wa kwaya akalazimika kuficha uso kwenye kofia. Hakuna aliyehitaji shahidi mwingine.

Mwenye duka hakucheka. Alisubiri watu watulie, akanijia karibu, akauliza niliwasimamisha wangapi siku ile.

Sasa nisikilize. Nilikuwa na utani mkubwa kuliko wote mdomoni mwangu. Nilikuwa nao tayari, umepikwa, umeshalipuka Jinja mbele ya ukumbi mzima. Kitu nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha kidole kwenye magoti ya suti ya kijivu. Nikaona wanawake wa sokoni wanamwangalia mama tena usoni, na mama ananiangalia mimi. Nikaona kwamba kwa siku ile watu waliochekwa wametosha.

"Watatu," nikasema.

Halafu sauti nyuma yangu ikasema, "Wanne."

Mwenyekiti alikuwa amesimama. Alifunga kifungo cha suti, akakifungua, akakifunga tena.

"Huyu kijana amehesabu vibaya, au amenihurumia," akasema. "Walikuwa wanne. Wa nne ni mimi. Sijalipa kodi ya mwaka huu. Kila mwezi nasema mwezi ujao. Nilisikia Kiswahili gizani nikaruka kwenye mpunga."

Hakusema mwenyekiti. Alisema mimi. Halafu akafanya kitu ambacho nitawasimulia watoto wangu nikipata. Alitoka kwenye meza, akatembea na ile suti yake mpaka ukuta wa darasa la kwanza, akageuka, akasimama. Wanane walimtazama. Mfyatua matofali akasogea kidogo, akampa nafasi.

Hapo ndipo mdahalo ulipoanza kweli. Mwenye duka akasema, mmeona wenyewe, mtu anasimamisha wenzake miaka yote na yeye mwenyewe ni mdaiwa, hiyo ndiyo tabia. Mama wa chapati akauliza kama kiwanja chake kimehama kwa sababu mwenyekiti ameruka kwenye mpunga. Mtu akamjibu kwamba hakimu asiye na tikiti hawezi kumhukumu asiye na tikiti. Mwingine akasema ndiye anayeweza. Wakafika kwenye Kiswahili, na mwenyekiti alijibu kila swali kutoka pale ukutani, amesimama, jua likimpiga usoni. Mtu mmoja akamwambia aketi, inatosha. Akakataa. Akasema kanuni ni yake mwenyewe na mkutano haujaisha.

Mistari ilipopangwa nilirudi juu ya ukuta kuhesabu. Na jambo lililotokea sijawahi kuliona. Wale waliompenda siku zote kwa ukali wake, wenye tikiti zilizofungwa kwenye nailoni, wengi wao walikwenda kwa mwenye duka, nyuso zimekunjamana kama walioibiwa. Na wale wanane wa ukutani, aliowaaibisha mbele ya wake zao, walijipanga nyuma yake mmoja baada ya mwingine, na ndugu zao, na jirani zao. Nilimsikia mwendesha boda akimwambia mwenzake kwamba sasa angalau mzee anajua miguu inaumaje. Fundi cherehani alisimama katikati muda mrefu, kisha akaenda kwa mwenyekiti. Mama alikuwa ameshafika, tena mbele, wakati mstari ule ulikuwa bado ni watu watatu na mtoto wa mgongoni.

Mwenyekiti alishinda kwa tofauti ya watu wa kuhesabika kwa vidole. Mwenye duka akampa mkono, na kusema kweli alimpa vizuri, ingawa alimwambia wataonana tena. Mpaka leo kwenye kibanda cha malwa wanabishana kama tulichagua sawa. Tikiti mwenyekiti alilipa wiki ile ile, na mkutano uliofuata aliinua juu kila mtu aione kabla hajasema maneno yake. Maneno hajayaacha. Bado anasema, "Asiye na tikiti asimame." Ila siku hizi mkutano ukizidi saa moja anaagiza benchi lipelekwe ukutani.

Mimi nilihukumiwa pale pale, na kamati mpya, ambayo mama alibaki katibu wake, kabla watu hawajatawanyika. Kufyeka majani ya uwanja wa shule wiki mbili, kila jioni. Mwenyekiti aliuliza kamati nani anakubali. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa mama, na ulipanda juu kabisa, kama wa mwanafunzi anayejua jibu.

Niliianza adhabu siku ile ile, na fyekeo la kuazima. Mwalimu wa kwaya alipita akanisalimia kwa vidole. Fundi cherehani alinipigia saluti. Nilirudi nyumbani jioni, viganja vimetoka malengelenge, nikasimama mlangoni kwa sababu sikujua kama naruhusiwa kuingia. Koti lilikuwa msumarini, limefuliwa, limekauka, na kifungo kipya juu. Mama alikuwa anapanga sahani. Hakugeuka. Alisema hivi, na sijaongeza neno:

"Tope la mpunga nililiona kwenye pindo tangu Jumanne. Nikanyamaza, nilitaka nijue kama nimezaa mtu au nimezaa redio. Ingia ule. Alfajiri utalivaa, twende Nakaloke, na ukisimamishwa njiani useme wewe ni mtoto wa nani."